Rio de Janeiro kwa miguu: nimetembea "Afrika Ndogo" bila muongozaji, nyota nne

Mabaharia wenzangu mnajua, meli ikifunga Rio kila mtu anakimbilia Copacabana, anapiga picha na mchanga, ananunua kandambili tatu za kupeleka nyumbani, anarudi kulala. Na mi nilikua hivyo hivyo safari mbili zilizopita. Sasa kuna jamaa wa Msumbiji tuliwahi kupanda naye meli moja, kila tukikaa jikoni alikua ananisumbua, shuka Valongo, tembea mwenyewe, usichukue mtu wa kukuelekeza. Safari hii nimepata siku tatu pale, nimeshuka, nimetembea, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilipotafuta maelezo ya lugha yetu kabla sijashuka niliambulia patupu.

Kitu chenyewe ni hivi. Mwaka 2011 jiji la Rio lilichukua sehemu sita karibu na bandari ya zamani likaziunganisha kuwa njia moja ya kuenzi urithi wa Waafrika. Eneo lote watu wanaliita Pequena África, yaani Afrika Ndogo. Kuna gati la Valongo, kuna bustani, kuna uwanja palipokua na maghala ya kuuzia watu, kuna makaburi ya Pretos Novos, kuna jumba ambalo zamani lilikua shule sasa ni makumbusho, na kuna Pedra do Sal, Jiwe la Chumvi, mwamba ambapo wanapiga samba. Barabarani hakuna geti wala tiketi, hakuna mtu anakusubiri saa tatu kamili na mwavuli mwekundu, na hakuna mapapasi wa kukufuata nyuma kama Mji Mkongwe. Ni miguu yako na chupa yako ya maji. Ukijumlisha na kurudi nyuma ni kama kilomita tatu hivi, na kurudi nyuma kupo, ntaeleza.

Kosa langu la kwanza, nililipia programu ya simu ya matembezi, jina sitaji. Mdada anaongea Kiingereza cha haraka kama yuko mnadani, mi nimesimama kwenye kona ananiambia nikate kulia, kulia kwenyewe ni ukuta. Chaji ikashuka karibu nusu ndani ya saa moja. Nikaizima nikaiweka simu mfukoni, na kusema kweli hapo ndo matembezi yakaanza. Kwaiyo usinunue kitu. Soma kidogo kabla hujashuka, chora ramani kwenye karatasi, inatosha.

Kufika ni rahisi, kuna kale katreni ka umeme ka barabarani wanakaita VLT, hakana geti, unapanda alafu unagusisha kadi humo ndani mwenyewe (msijifanye wajanja, wakaguzi wanapita). Kituo cha Parada dos Museus kinakushusha Praça Mauá, uwanja mkubwa mweupe una lile jumba la Museu do Amanhã lililofunguliwa 2015, limekaa kama mifupa ya nyangumi, kazi ya Calatrava, msanifu majengo wa Kihispania. Watu wote wanaanzia hapo na ramani nyingi zinakuanzishia hapo, alafu Pedra do Sal kwa kuwa iko karibu, alafu ndo uende gatini. Mi nasema hapana. Ukianza hivyo unaanza na ngoma alafu unamalizia na makaburi, unatoka umevurugwa na hujaelewa kitu. Pita moja kwa moja mpaka gatini, kama walivyoanzia wale walioshushwa hapo.

Na kuna sababu nyingine. Yule jamaa wa Msumbiji aliniambia kitu nikakihakikisha baadae: Brazil, kwenye dini zao zenye asili ya Afrika, bahari wanaiita calunga kubwa, na makaburi wanayaita calunga ndogo. Kalunga ni neno la kule Kongo na Angola, bahari na kifo kwa pamoja, maji yanayotenganisha walio hai na waliokufa. Sasa hii njia ukiitembea kutoka gatini mpaka Pretos Novos unakua umetoka calunga kubwa kwenda calunga ndogo, na umbali wake ni kama wa kutoka nyumbani kwenda sokoni. Hakuna kibao hata kimoja nilichoona kinasema hivyo. Ndo maana nyota ya tano nimeinyima.

Haya, gati. Usitegemee gati, ni shimo. Katikati ya mji, barabara ya Barão de Tefé, magari yanapita, na hapo pembeni kuna shimo kubwa lililo wazi lina uzio, chini kuna mawe. Bahari huioni kabisa, mwaka 1911 walijaza kifusi wakaisukuma mbali. Niliposimama pale mara ya kwanza nikasema ndo hiki tu? Alafu nikakaa. Ukikaa unaanza kuona kwamba mawe ni ya aina mbili. Ya juu yamechongwa, makubwa, yamenyooka kwa mstari, hayo ni ya mwaka 1843 walipolipamba gati kumpokea Teresa Cristina, mke mpya wa mfalme Dom Pedro wa Pili aliyekua anatoka Naples, wakabadilisha na jina kabisa, likawa Gati la Malkia. Chini yake ndo yenyewe ya 1811, mawe ya mviringo, makubwa kwa madogo yamechanganyika, yamekaa shaghalabaghala kama meno ya mtoto wa miaka saba. Mawe ya mtindo huo Wabrazil wanayaita pé de moleque, unyayo wa moleque, na moleque ni neno lililotoka kwenye Kimbundu cha Angola, kijana mdogo wa kiume, mpaka leo ndo wanavyowaita watoto watundu. Kwaiyo gati limezikwa mara mbili, kwanza kwa ajili ya bibi harusi, alafu kwa ajili ya bandari mpya, na lingeendelea kulala huko chini kama 2011 wasingechimbua barabara kwa ukarabati wa eneo la bandari, wanaakiolojia wakiongozwa na Tania Andrade Lima wa Museu Nacional wakalikuta. Humo kwenye udongo wakatoa shanga, simbi, viko vya udongo, pete za nyuzi za mmea, vitu vidogo vidogo ambavyo mtu aliyenyang'anywa kila kitu bado alikua navyo mwilini. 2017 UNESCO wakaliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Idadi ya Waafrika wanaokadiriwa kupita hapo ni kama 900,000. Mi hizo namba kubwa huwa haziniingii, kwaiyo nikapiga hesabu yangu ya kibaharia. Sisi tulitoka Durban tukafika Rio siku ya 12, na humo ndani nilikua na kitanda, feni, na hasira ya mchele kuisha. Zile meli zilizokua zinatoka Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji zilikua zinaizunguka Cape ile ile, kule kusini mwa Afrika, miezi miwili na zaidi, watu wamelazwa chini kwenye mbao. Maana wengi tunafikiri biashara ya kwenda Brazil ni mambo ya Angola na Afrika Magharibi tu. Wengi walitoka huko kweli, ila Waingereza walipoanza kubana ile biashara kaskazini mwa ikweta, wafanyabiashara wa Rio wakazidi kuja upande wetu, na kwenye madaftari ya Rio ya enzi hizo "Moçambique" ni kabila, mtu yeyote aliyepakiwa pwani ile anaandikwa hivyo. Humo wamo Wamakua, wamo Wayao. Mi bibi yangu mzaa mama ni Mmakua wa Masasi.

Basi nikakaa pale nusu saa. Hakuna kivuli hata cha kuazima, leteni kofia. Mabango yapo ya Kireno na Kiingereza, mafupi, mengine jua limeyala. Vijana wawili wakaja wakapiga selfi wakaondoka kabla sijamaliza kunywa maji.

Kabla hujaondoka angalia lile jengo refu la matofali hapo pembeni, Docas Dom Pedro II, la 1871. Mhandisi wake ni André Rebouças, mtu mweusi, ambaye alisimama kidete kwamba kwenye ujenzi ule asifanye kazi mtumwa hata mmoja, na wakati huo utumwa Brazil ulikua halali kabisa, waliufuta 1888, wa mwisho Amerika yote. Jengo kama hilo, hatua chache kutoka kwenye yale mawe! Watu wanalipita tu kwa sababu linafanana na ghala, na ni ghala kweli.

Kutoka hapo unapanda Rua Camerino, ambayo enzi hizo ilikua inaitwa Rua do Valongo na ndo ilikua mtaa wa maduka ya kuuzia watu. Biashara yote ililetwa huku mwaka 1774 kwa amri ya gavana mkuu wa Mreno, Marquês do Lavradio, kwa sababu mabwana wa katikati ya mji walikua wanakereka kuona watu wagonjwa na uchi wanapitishwa mbele ya madirisha yao. Hawakukereka na biashara, walikereka na kuiona. Debret, mchoraji wa Kifaransa aliyeishi Rio miaka ile, amechora duka moja la mtaa huu, watu wamekaa kwenye mabenchi wamekonda, muuzaji amejiegemeza kwenye kiti. Ukiwa na ile picha kichwani mtaa unabadilika, ukiwa huna ni mtaa wa magereji na mabasi.

Bustani ya Valongo sitaki kukaa nayo sana. Ilijengwa 1906 juu ya ukuta wa kilima wakati meya Pereira Passos anataka Rio ifanane na Paris, ina nakala za masanamu ya miungu ya Kirumi yaliyokua kwenye gati la malkia. Panda kama miguu inaruhusu, kuna kaupepo. Uwanja wa maghala nao, Largo do Depósito, umebaki jina na kibao, siku hizi unaitwa Praça dos Estivadores, uwanja wa makuli. Hilo jina jipya nimelipenda lakini. Mahali walipokua wanauzwa watu wakaja kupageuza uwanja wa wabeba mizigo wenye chama chao, na mtu yeyote aliyewahi kusimama bandarini Dar au Tanga anajua kuli ni nani.

Sasa hapa ndo pa kurudi nyuma. Unashuka tena, unaelekea mtaa wa Gamboa, mwendo wa dakika kumi na tano kwa mtu asiye na haraka. Njiani nikakutana na duka limeandikwa QUITANDA, nikajua wanauza vitanda, ndani kuna ndizi, bamia na maboga! Kumbe nalo ni la Kimbundu, kitanda, genge la sokoni. Na mwenye duka alipomwita binti yake mdogo akamwita caçula, kitinda mimba, nalo la huko huko. Nilicheka peke yangu mpaka yule mzee akaniongezea ndizi mbili.

Pretos Novos ipo Rua Pedro Ernesto. Ukitafuta jengo kubwa utapita, ni nyumba za kawaida za mtaani zimeshikana. Mwaka 1996 familia iliyokua inaishi hapo ilikua inakarabati, mafundi wakachimba sakafu, mifupa ikatoka. Ikatoka tena, ikatoka tena. Pretos novos maana yake weusi wapya, ndo jina la mtu aliyeshushwa karibuni na hajauzwa, na hapa ndo walipokua wanatupwa waliokufa kabla ya kuuzwa. Nasema walipokua wanatupwa kwa sababu sio kuzikwa. Wanaviringishwa mkeka kama upo, wanafukiwa juu juu, baadae mifupa inavunjwa na kuchomwa kupata nafasi, na takataka za mtaa zinamwagwa hapo hapo. Daftari la parokia ya Santa Rita la miaka ya 1824 mpaka 1830 peke yake lina watu zaidi ya 6,000. Wote kwa pamoja wanakadiriwa 20,000 mpaka 30,000, kwenye kaeneo kadogo tu. Mwenye nyumba na mumewe badala ya kuziba sakafu na kunyamaza wakafungua milango, 2005 ikawa taasisi kamili. Hilo peke yake mi naona ndo kubwa kuliko vibao vyote sita vya jiji.

Ndani kuna vioo sakafuni, unasimama unaangalia chini unaona udongo na mifupa jinsi ilivyokutwa. 2017 walipata mifupa ya dada mmoja ikiwa imekamilika, inakadiriwa alikua na miaka ishirini hivi, wakampa jina la Bakhita, kwa heshima ya yule mtakatifu wa Sudan aliyewahi kuwa mtumwa. Lakini kilichonimaliza mimi sio hicho. Kilichonimaliza ni kujua kwamba baadhi ya meno waliyoyatoa pale yamechongwa, ya mbele, yamechongeka kwa makusudi kama wazee wa kwetu walivyokua wanachonga. Bibi yangu alikua nayo hivyo hivyo. Tulivyokua wadogo tulikua tunamwomba atabasamu tuyaone na yeye anaficha mdomo na kanga. Sikupiga picha mle ndani, na nawaomba na nyie msipige za kujipiga wenyewe, nimeona mtu anafanya.

Ile nyumba hapo hapo mbele kwenye mtaa huo huo, José Bonifácio, ilijengwa kama shule ya umma 1877, sasa ni makumbusho ya historia na utamaduni wa Wabrazil wenye asili ya Afrika. Pazuri, pana baridi, ngazi nzuri za mbao, choo safi. Mi nilikua kichwa kimejaa sikuangalia ipasavyo, kwaiyo hapo msinisikilize. Angalieni siku na saa za kufungua kabla hamjaenda, kote kuwili, msije mkafika mkakuta mlango.

Njaa ilipouma nikarudi mpaka Largo da Prainha, kauwanja kenye viti nje na sanamu ya Mercedes Baptista, mcheza baleti mweusi wa kwanza wa Theatro Municipal la Rio. Nikaagiza angu. Wanangu, angu ni ugali. Ugali mlaini, wa unga wa mahindi ambao wenyewe wanauita fubá, na fuba ndo unga kwa Kimbundu. Juu wanamwaga rojo la matumbo, maini, moyo, vimekatwa vidogo vidogo, vina kitunguu na nyanya, unatia pilipili mwenyewe. Zamani zile Rio kulikua na nyumba za kuuza angu, zinaitwa zungu (msicheke), watumwa na weusi huru wanakutana humo wanakula, wanalala, wanapiga ngoma, polisi wanavamia. Kama mpishi natoa hukumu: unga umesongwa vizuri hauna mabuja, rojo limekaa moto muda wa kutosha, chumvi imepungua kidogo. Wanakula kwa kijiko, hilo ni tatizo lao.

Pedra do Sal niliiacha makusudi mpaka Jumatatu usiku, siku ya samba. Ni mwamba, mwamba kabisa umetoka ardhini, watumwa waliuchonga ngazi ili kupandisha chumvi iliyokua inashushwa hapo bahari ilipokua karibu. Baada ya utumwa waliokuja kutoka jimbo la Bahia wakajaa mitaa hii, wakina mama wakiuza vitafunwa barabarani, maarufu kuliko wote Tia Ciata, Shangazi Ciata, aliyezaliwa 1854, muuza vitamu, ambaye nyumba yake ndo walikua wanakusanyika wanamuziki wakina Donga na Pixinguinha samba ya Rio ikiwa bado changa na polisi wanaikimbiza. Hakuna jukwaa. Meza moja katikati, wanamuziki wameizunguka, sisi tumezunguka wao, wengine wamekaa juu ya mwamba. Watu ni wengi, simu weka mfuko wa mbele na nenda na mwenzako, mitaa ya Gamboa usiku haina watu. Mi nilikwenda na fundi wa mitambo wetu Mfilipino ambaye hajui kucheza na hakujali.

Cha mwisho ni viatu. Ule mwamba umesuguliwa na nyayo za miaka mamia, ukiongeza bia iliyomwagika unateleza kama sabuni. Mi nilivaa buti za kazi, soli ina mafuta ya jikoni bado, nikateleza mara mbili, ya pili nikawa naondoka mazima. Mama mmoja mtu mzima aliyekua anauza bia kwenye boksi la barafu akanidaka mkono, akanisimamisha, akanikung'uta suruali huku anacheka na kunifokea Kireno kirefu chote, nikashika neno moja tu, moleque. Nina miaka 43.